Uzi: "Upotevu wa mfumo" kwenye mkataba wa stima ni upi hasa? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi

#1 KatibuWaKisiwa (Jumatano, saa 2 usiku)

Salaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni katibu wa kamati ya stima kijijini kwetu, kisiwa kimojawapo hapa Lamu. Si Amu mjini, na kijiji sikitaji, kwa hivyo msinichimbe. Kuna kampuni inatuuzia stima ya sola kwa mtandao mdogo, nyumba mia na themanini na kitu. Mkataba wa zamani umekwisha, mpya umeletwa tutie sahihi. Umeandikwa Kizungu, kurasa 41. Nimefika penye maana za maneno nikakwama. Hii ni tafsiri yangu mwenyewe:

"Upotevu wa Mfumo maana yake ni tofauti kati ya umeme uliozalishwa na umeme uliolipiwa katika kipindi husika, kwa asilimia."

Halafu huko mbele wanasema upotevu ukizidi asilimia 12, ile ziada inagawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya kampuni, nusu inaingizwa kwenye bei yetu sisi wateja miezi mitatu inayofuata.

Daftari langu la mwezi uliopita lasema hivi: mita ya mtamboni imetoa yuniti 6,200. Mita za nyumba zote zikijumlishwa, 5,300. Zilizolipwa hadi tarehe ya mwisho, 4,700. Mzee mmoja wa kamati asema zilizopotea ni 900, mwengine asema 1,500, na jana walikaribia kurushiana kahawa. Kikao na kampuni ni Jumamosi baada ya Alasiri. Nani ana haki?

#2 PundaWaLangoni

Hizo yuniti zilizopotea zishatangazwa msikitini?

#3 FundiWaya

Katibu, mzee wa 900 ndiye mwenye haki. Upotevu ni kitu kilichotoka na hakikufika. Nyumba iliyotumia stima ikakataa kulipa haijapoteza stima, imepoteza adabu. Stima yenyewe imepikia chai.

Sasa hizo 900 zimekwenda wapi? Nyingi zimekuwa joto kwenye waya. Chukua nyumba iliyo mita 400 kutoka mtamboni, waya wa alumini wa milimita mraba 25. Ule waya una ukinzani wa kama omu 1.2 kwa kilomita, na stima huenda na kurudi, kwa hivyo ni mita 800, karibu omu 0.96. Nyumba ikivuta ampea 10, waya unakula wati 96 katika 2,400, yaani asilimia 4. Sasa mwenyewe aongeze pasi na jagi la maji, zifike ampea 20. Waya haukuli mara mbili. Unakula mara nne, wati 384 katika 4,800, asilimia 8. Ndiyo maana saa moja jioni, watu wote wamewasha, mwisho wa laini taa huwa za manjano kama za kibatari.

Ongeza chumvi yetu ya pwani. Viungio vya waya huota ukungu wa kijani, hupata moto, na vikombe vya nguzoni vikijaa chumvi hupitisha stima kidogo kidogo, hasa asubuhi za umande. Nenda usiku kaskazi ikivuma, tega sikio chini ya nguzo. Utasikia chrrr.

#4 Mhasibu_Malindi

FundiWaya ameeleza vizuri zinakokwenda lakini hakujibu swali. Swali si stima imekwenda wapi. Swali ni mkataba umeandika nini, na mkataba umeandika "uliolipiwa".

Katibu, chukua kalamu.

Kwa hesabu ya mzee wa kwanza, 900 kwa 6,200 ni asilimia 14.5. Kikomo cha 12 ni yuniti 744. Ziada ni 156, nusu yenu ni 78.

Kwa hesabu ya mzee wa pili, ambayo ndiyo ya mkataba, 1,500 kwa 6,200 ni asilimia 24.2. Ziada ni 756, nusu yenu ni 378.

Tofauti ni yuniti 300, na hizo 300 ni nusu kamili ya zile 600 ambazo majirani wenu hawakulipa. Kwa hivyo neno moja tu limehamisha deni la fulani kutoka mlangoni kwake likatiwa kwenye bei ya mjane anayelipa kila tarehe mosi.

Halafu uliza pia asilimia ya nini. 900 ukigawanya kwa 5,300 badala ya 6,200 unapata 17.0. Yuniti ni zilezile 900. Mkataba unaosema "kwa asilimia" bila kutaja ya nini haujasema kitu.

#5 BintiShela

Mhasibu wewe wafaa kupikwa wali wa nazi. Mimi ni mtu wa Shela, hesabu hizi zanipita yuu ya kitwa, lakini hapo pa mjane nimeona kwa mato yangu mawili.

#6 Kasichana_wa_Barani (Alhamisi, saa 12 asubuhi)

Nyinyi mna kampuni, mimi nilikuwa na landilodi. Ploti Malindi, vyumba kumi, mita kubwa moja na kila mlango mita yake ndogo. Kila mwezi mita ndogo zinajumlisha kitu, mita kubwa inasema kingine, na tofauti anatugawanyia sawasawa, akiiita "ya kupotea".

Jumapili moja nikawaomba wapangaji wote wazime fyuzi zao saa saba mchana. Wote kumi, nimehakikisha mlango kwa mlango. Nikaenda kusimama mbele ya mita kubwa. Ile taa nyekundu ndogo ikaendelea kupepesa, pep, pep, pep, kama inanikonyeza. Nikafuata waya ukutani mpaka nyuma ya choo. Kulikuwa na pampu ya kisima, na kisima kile alikuwa anauzia mtaa mzima maji kwa mtungi.

Yaani sisi tulikuwa tunalipa upotevu, na ule upotevu ulikuwa unachotwa na mikokoteni.

#7 PundaWaLangoni

#6 Hiyo taa ilikuwa inakushukuru.

#8 Wakili_wa_Sabaki

Nimekuwa nikisoma kimya. Katibu, usitie sahihi kitu chochote bado. Nasema kama mtu aliyesoma mikataba ya namna hii, si kama wakili wako, mimi na wewe hatujuani.

Watu wote hapa mnapigania neno la mwisho, "uliolipiwa". Rudini kwenye neno la kwanza. "Uliozalishwa" wapi? Kwenye paneli? Ukitoka kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani? Kwenye betri? Mita ipi? Mkataba mzuri hautaji umeme tu, unataja mita kwa namba yake, mahali ilipofungwa, nani anaisoma na lini. Kila kilicho kabla ya mita ile ni shida ya muuzaji. Kila kilicho baada yake ndicho mnachoweza kuanza kubishania.

Mikataba mikubwa iko hivyohivyo. Mzalishaji na mnunuzi huweka mahali pa kupokelea, mara nyingi kwenye kituo cha umeme, na kile anachokula mzalishaji mwenyewe kwa pampu, feni na taa zake hakimhusu mnunuzi.

#9 Mkaazi_Langobaya

Wakili asante. Hii inanikumbusha ile sola ya huku kwetu Langobaya. Wanasema ni megawati 52, lakini inatoa 40. Megawati 12 zimekwenda wapi? Ni upotevu huo!

#10 FundiWaya

#9 Hapana kaka. 52 ni nguvu ya paneli zenyewe zikipimwa kiwandani kwa jua kamili. 40 ni kile kinachoweza kuingia kwenye gridi. Hujenga paneli nyingi makusudi, maana jua kamili ni la saa chache na paneli zikiwa moto hupungua nguvu. Mtambo ule ulianza kazi Desemba 2021, na haukuahidi 52 kwenye laini hata siku moja. Ukinunua sufuria ya lita 10 ukapika wali wa lita 7, zile 3 hukuzipoteza.

#11 Mkaazi_Langobaya

Sawa mwalimu. Lakini kwangu stima hukatika na niko karibu na paneli kuliko wewe.

#12 BahariaMstaafu

Nimesafiri na Wafilipino miaka mingi, na hili jambo kwao si geni. Mpishi wetu wa meli alikuwa akipokea picha ya bili ya nyumbani kwao kwa simu, na upotevu wa mfumo umewekwa mstari wake peke yake, kwa pesa. Kila mtu anauona. Akilaani ule mstari kila mwezi kama sisi tunavyolaani bei ya unga.

Walitunga sheria 1994, ile ya kupambana na wizi wa umeme, namba 7832. Ikaweka kikomo cha upotevu unaoruhusiwa kutozwa mteja, ukashushwa mwaka hadi mwaka ukafika asilimia 9.5 kwa kampuni binafsi na 14 kwa vyama vya ushirika vya vijijini. Ukizidi hapo kampuni yajilipia.

#13 Mhasibu_Malindi

#12 Heshima yako mzee, nyongeza ndogo: hizo namba za 9.5 ni za zamani. Mdhibiti wao aliteremsha tena, kuanzia 2018 kampuni binafsi zilianzia 6.5. Lakini hoja yako imesimama. Na angalieni wao walivyogawa: upotevu wa kiufundi, usio wa kiufundi kama wizi na mita mbovu, na ule wa matumizi ya kampuni yenyewe. Mafungu matatu, siyo jina moja la kubebea kila kitu.

Hapa Kenya nasi tuna kikomo. EPRA, mdhibiti wetu wa nishati, ikipanga bei huweka kiasi cha upotevu ambacho Kenya Power inaruhusiwa kurudishia kwa mteja, na kinachozidi ni hasara ya kampuni. Upotevu wenyewe miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 21 hadi 23 hivi, juu ya kinachoruhusiwa. Kwenye bili hauna mstari wake. Umejificha ndani ya ada ya mafuta, yale ya mitambo ya kuzalisha stima. Gharama hugawanywa kwa moja kutoa upotevu. Tuseme upotevu ni 0.18, unagawanya kwa 0.82, kwa hivyo shilingi 100 za mafuta zinakuwa 122, si 118 kama mtu angedhani. Hapo ndipo lile swali langu la "asilimia ya nini" linapouma.

#14 MamaBarafu

Mimi nauza barafu kwa wavuvi hapa Malindi. Nikinunua vipande ishirini kiwandani, nikifika pwani ni kumi na saba, jua likiwa kali kumi na sita. Sijawahi kumwandikia mvuvi "upotevu wa barafu". Naweka kwenye bei yangu, akitaka atachukua, hataki aende kwa mwengine. Kwa nini hawa wa stima wasifanye hivyo? Bei moja, basi, nguo ya kuzibia jua ni shida yangu.

#15 Wakili_wa_Sabaki

#14 Mama, umesema jambo ambalo mikataba mingi imeshindwa kulisema. Ukiuza kwa bei moja, ukifunika barafu vizuri faida ni yako, kwa hivyo utafunika. Ukimgawia mvuvi nusu ya maji yaliyoyeyuka, utafunika nusu nusu.

Ila tofauti ni hapo ulipomalizia: "aende kwa mwengine". Katibu kisiwani kwao hana mwengine. Ndiyo maana pana mdhibiti, na chini ya Sheria ya Nishati ya 2019 hata bei ya mtandao mdogo hupita kwa EPRA.

#16 Mpimabomba

Na maji je? Nimefanya kazi ya mabomba hapa Malindi mpaka nikastaafu, maji ya kutoka Baricho. Huko hatuiti upotevu wa mfumo, tunaita maji yasiyoleta mapato, na hapo mmesikia wenyewe neno lilivyo: mapato. Yaani kila kilichosukumwa kikakosa kuwa pesa kimo, bomba lililopasuka, mita ya zamani inayosoma chini, aliyejiunganishia usiku, hata maji ya kuzimia moto ambayo tumeyatoa kwa ridhaa yetu. Nchi nzima ni zaidi ya asilimia 40.

Kwa hivyo mzee wa 1,500 hakukosea sana. Kwa mtu wa maji ndivyo ilivyo.

#17 FundiWaya

#16 Mzee wangu, hata nyinyi hamuhesabu bili isiyolipwa. Maji yakishaandikwa kwenye bili yametoka kwenye fungu hilo. Kutolipa ni daftari jengine, la ukusanyaji.

#18 Mpimabomba

#17 Kweli. Nimenaswa. Bili ikishatoka ni deni, si upotevu. Basi naondoka kwa mzee wa 1,500, nahamia kwa mzee wa 900. Lakini mita za zamani msizisahau! Mita ikizeeka husoma chini, stima au maji. Mteja hafurahi kubadilishiwa mita kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inamwibia kampuni kimya kimya.

#19 DukaLaTokeni_Amu (Alhamisi, saa 3 usiku)

Nyote mnazungumza kama mita zote zasomwa siku moja. Mimi nauza tokeni hapa mjini. Kabla ya Maulidi kila nyumba inajaza tokeni, wageni wanakuja, hakuna anayetaka giza akiwa na watu wa Zanzibar barazani. Mwezi ule tokeni zinauzwa kabla hazijatumika. Sasa ukichukua stima iliyotoka ukatoa tokeni zilizouzwa, mwezi ule upotevu unaweza kuwa chini ya sifuri! Kampuni imeokota stima njiani. Mwezi wa pili watu wanatumia walizoweka, hawanunui, upotevu wapaa.

Katibu, kwenu mita za nyumba zasomwa tarehe ngapi?

#20 KatibuWaKisiwa

#19 Wallahi umenishtua. Ya mtamboni naisoma tarehe mosi asubuhi. Za nyumba kijana wa kampuni huanza tarehe 25 na kumaliza 28, kwa sababu anatembea kwa miguu na kwengine anakaribishwa chakula. Kwa hivyo siku tatu hadi saba za kila nyumba hazimo.

#21 DukaLaTokeni_Amu

Zimo, lakini za mwezi mwengine. Zikiwa sawa kila mwezi hazidhuru. Mwezi ukiwa na harusi tatu mwishoni, zadhuru.

#22 Mwanaharakati_Hindi

Haya yote ni madogo. Mngetia sahihi ule mkataba wa mtambo wa stima ya makaa ya mawe pale Kwasasi ndiyo mngejua upotevu. Megawati 1,050! Mazingira yetu, samaki wetu, mikoko yetu. Tukaenda kwenye baraza la mazingira, Juni 2019 leseni ikafutwa. Huo ndio upotevu wa mfumo, mfumo wenyewe kupotea.

#23 Wakili_wa_Sabaki

#22 Leseni ile ilifutwa kwa sababu ya tathmini ya mazingira na kutoshirikisha umma ipasavyo. Upotevu wa laini haukuwa suala. Ila umegusa kitu: katika mikataba mikubwa kuna umeme ambao haukuzalishwa kabisa na bado unalipiwa, kwa kuwa mtambo ulikuwa tayari na mnunuzi hakuwa na njia ya kuupokea. Mtambo wa upepo wa Turkana ulikuwa tayari 2017, laini ikamalizika Septemba 2018, na mle katikati kulikuwa na faini. Umeme ule haujapotea kwenye waya, waya haukuwapo. Katibu, angalia kama wenu una kifungu cha "umeme unaohesabiwa kuwa umezalishwa". Ukiwamo, na "uliozalishwa" kwenye maana ya upotevu ukabeba na huo, mtagawana nusu ya umeme ambao haukuzaliwa.

#24 Msimamizi

Makaa ya mawe yana uzi wake. Turudini kwa katibu, Jumamosi iko mlangoni.

#25 PundaWaLangoni

Msimamizi naye ni upotevu wa kiufundi.

#26 KatibuWaKisiwa (Ijumaa, saa 11 jioni)

Nimerudi na sikuja mikono mitupu. Baada ya swala nimekwenda kijumba cha mtambo. Mlinzi ni mtoto wa shangazi yangu, amenifungulia.

Kuna mita MBILI. Moja iko kulia mlangoni, baada ya inveta, ndiyo nimekuwa nikiisoma miaka yote, ile ya 6,200. Ya pili iko nyuma ya rafu ya betri, imefunikwa vumbi, nikaifuta kwa kanzu. Hiyo inapima kinachotoka kwenye paneli kabla ya betri. Mlinzi hujaza daftari la zote mbili kila asubuhi na hakuna aliyewahi kumwomba. Mwezi uliopita ya nyuma ilipita 7,050.

Nikafungua mkataba hapohapo kwa tochi ya simu, kiambatisho cha tatu. Namba ya mita iliyoandikwa ni ya ile ya nyuma.

Na kuna jambo la pili. Mle ndani kuna kiyoyozi cha kupoza betri, kinafanya kazi usiku na mchana, haya, nimekubali. Lakini pembeni ya kiyoyozi kuna friji. Imejaa soda. Mlinzi anauza. Nimekunywa moja, baridi kweli.

#27 Mhasibu_Malindi

Allahu akbar. Katibu, kaa kitako.

7,050 kutoa 4,700 ni 2,350. Ni theluthi kamili, asilimia 33.3. Kikomo cha 12 ni 846. Ziada 1,504, nusu yenu 752 kila mwezi. Tulianza na 78!

Na angalia hapa: 7,050 kutoa 6,200 ni 850. Hiyo ni asilimia 12.06. Yaani kikomo chenu chote cha 12 kimekwisha ndani ya kijumba, kwenye betri, inveta, kiyoyozi na friji, kabla waya haujatoka nje ya ukuta. Baada ya hapo kila waya ukipata moto mwalipa nyinyi.

#28 FundiWaya

Betri hula, hilo si wizi. Unachotia hutoi chote, na inveta nayo inachukua chake. Kwa mtandao mdogo wa sola 850 katika 7,050 wala si mbaya, nimeona mbaya zaidi. Lakini betri ni yao, wameichagua wao, wataibadilisha wao. Haina haja ya kuwa kwenye asilimia yenu. Mita iwe ile ya mlangoni.

#29 Kasichana_wa_Barani

Friji! Nilijua! Kila mahali kuna pampu nyuma ya choo!

#30 MamaBarafu

Hiyo soda alikuuzia bei gani?

#31 KatibuWaKisiwa

#30 Hamsini.

#32 MamaBarafu

Na stima ya bure! Huyo mtoto ana akili.

#33 BahariaMstaafu

Msimcheke mlinzi. Bila daftari lake katibu angekuwa gizani.

Katibu, ukienda kesho usiende na hasira. Peleka neno badala ya neno. "Uliozalishwa" iwe "uliopita mita ya mlangoni, namba fulani". "Uliolipiwa" iwe "uliopimwa kwenye mita za wateja". Tarehe ya kusoma iwe moja. Na asilimia iwe ya kilichopita mlangoni.

#34 Mpimabomba

Na mita mbovu? Mita ya nyumba ikisimama, "uliopimwa" ni sifuri na stima imetumika. Waandike pia makisio, na nani anabadilisha mita kwa siku ngapi.

#35 Wakili_wa_Sabaki

Na aliyejiunganishia kinyemela? Kampuni itasema huo ni upotevu wenu kwa sababu mwizi ni wa kijiji chenu. Mimi ningejibu kwamba nguzo ni zao na fundi ni wao. Lakini nimeona mikataba inayogawana hapo, na si vibaya, kijiji kinamjua mwizi kuliko fundi anayekuja kwa boti mara moja kwa mwezi. Hilo mjadiliane.

#36 FundiWaya

#35 Sikubali. Ukishamgawia mteja mwaminifu hasara ya wizi hata senti moja, kampuni haitapanda nguzo kutafuta.

#37 Mhasibu_Malindi

#36 Na usipomgawia, jirani haoni sababu ya kusema kitu akiona waya umepita juu ya paa. Wewe fundi hujaishi kijijini.

#38 FundiWaya

Nimezaliwa kijijini, ndiyo maana nasema.

#39 KatibuWaKisiwa (Jumamosi, saa 1 usiku)

Tumetoka kikaoni sasa hivi, sauti imekauka.

Wamekuja watatu, mmoja ni wakili wao kutoka Nairobi, kijana mpole, amevua viatu barazani bila kuambiwa. Nimewawekea hesabu ya mhasibu kwenye karatasi ya manila, 78, 378, 752, zimepangwa juu chini. Mzee wa 1,500 alipoona 752 alinyamaza, akaomba maji.

Mita ya mlangoni wamekubali bila vita. Wakili wao amesema namba ya kiambatisho ilitoka kwenye mkataba wa kijiji chengine, amenakili. Mimi sijui, nimeandika tu kwenye kumbukumbu.

Tarehe moja ya kusoma wamekubali, kuanzia tarehe mosi, wataleta vijana wawili.

"Uliolipiwa" wamekataa kuondoa. Wanasema wakiandika "uliopimwa" watu wataacha kulipa. Tumewaambia kukata stima ya asiyelipa ni kazi yao, wakajibu kwamba mara ya mwisho walipokuja kukata, boti yao ilikataliwa kushusha. Hilo ni kweli, nilikuwapo, sikusema kitu. Mzee mmoja ametaja mita za tokeni, wengine wakapinga, tokeni ikiisha usiku nyumba ikiwa na matanga itakuwaje. Hapo ndipo tumekwama, tunakutana tena Jumamosi ijayo.

Wizi hatukuufikia, adhana ya Magharibi ilitukuta.

#40 BintiShela

Mola awajaze kheri nyote. Katibu, wiki iyo tuko nawe.

#41 PundaWaLangoni

Na friji?

#42 KatibuWaKisiwa

Friji wamesema itafungiwa mita yake ndogo. Mlinzi ameuliza kama soda naye apandishe bei.